Nimelipa, sijalipa, na Fort Jesus haielei

Mwezi uliopita nilikuwa nimelipa kodi na sijalipa. Daftari la mwenye nyumba wangu hapa Kibokoni lina sahihi yake kwamba kapokea. Simu ya mwanawe, ambaye ndiye mkusanyaji siku hizi, ilisema bado. Nikaitwa barazani.

"Mzee, hii si sahihi yako?"

"Naiona, mwanangu. Lakini na huyu naye si mwongo."

Wanafunzi wa mantiki ya kawaida hapo hushika kichwa, maana ukikubali jambo pamoja na kinyume chake, umekubali kila kitu duniani. Njia yenyewe ni fupi. Nimelipa; basi nimelipa au Fort Jesus inaelea majini, kwa kuwa "au" hutosheka na upande mmoja. Lakini sijalipa. Upande wa kwanza umeanguka, kilichobaki ni ngome inayoelea. Nilipowaeleza hivyo, muuza kahawa aliacha kugonga vikombe akanitazama kama mgonjwa.

Yeye ndiye mwenye akili. Hakuna barazani aliyefika kwenye hiyo ngome, na si kwamba hawakuuona ukinzani.

Wako wanamantiki waliofunga njia hiyo, kila mmoja mahali pake. Newton da Costa wa Brazili, 1963, aliilegeza "si", ili kukana jambo kusilifute jambo lenyewe moja kwa moja. Graham Priest, 1979, aliizuia ile hatua ya kutoka kwenye "au", na anashikilia kwamba baadhi ya kauli kinzani ni kweli hasa, kama hii: "Sentensi hii ni ya uwongo." Hapo simfuati. Kodi yangu ama ilifika ama haikufika. Kilichogongana ni kumbukumbu.

Ninayempenda ni Mpolandi Stanisław Jaśkowski, aliyechapisha mantiki ya majadiliano mwaka 1948. Kwake, neno la kila msemaji hubaki na mwenyewe. Mzee kasema nimelipa. Mwanawe kasema sijalipa. Kauli zote mbili zimo kikaoni, ila huna ruhusa ya kuzifunga pamoja kwa "na" ukaziita kauli moja. Kwa hiyo sentensi yangu ya kwanza hapo juu ingemkera.

Mzee hajamsoma Jaśkowski. Alifunga daftari, akalisukuma chini ya mto wa kiti.

"Mwezi ujao," akasema, "ulipe sote wawili tukiwa tumekaa hapa."