Waraka wa Wizara ya Elimu ukifika, mwalimu mkuu ausome gwarideni au aukalie kwanza?

Watoto wa Kenya waliokuwa Gredi ya 3 mwaka 2019, wa kwanza katika mtaala mpya wa umilisi (CBC), wamesomeshwa ndani ya nyumba ambayo mafundi hawajashuka paani. Korona ilifunga shule Machi 2020. Chini ya marehemu Profesa George Magoha, mwana wa Yala aliyekuwa Waziri wa Elimu, madarasa ya sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) yakajengwa katika shule za sekondari. Kisha, mwishoni mwa 2022, jopokazi la Profesa Raphael Munavu likapendekeza gredi hizo zikae katika shule za msingi. Januari 2023 Gredi ya 7 ikaanzia huko, mara nyingi pasipo maabara. Mapema 2025 watoto hao hao wakasikia kwamba hisabati haitakuwa ya lazima sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). Ilipofika Aprili, Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mmoja ataisoma kwa namna fulani: ya kina kwa mkondo wa masomo ya sayansi, nyepesi zaidi kwa wengine.

Anayebaki katikati ni mwalimu mkuu wa Nyalenda, Ahero au Mumias, ambaye waraka umemfikia usiku kwenye kundi la WhatsApp. Kesho asubuhi awasomee wanafunzi gwarideni, au aukalie mpaka utulie?

Wanaosema aukalie wana hoja nzito, na hilo la hisabati ndilo shahidi wao. Kwa mtoto wa Gredi ya 9 anayeogopa aljebra, kuambiwa kwamba somo si la lazima ni ruhusa ya kufunga kitabu. Majuma machache baadaye unamrudia na habari nyingine. Hapo hajapoteza vipindi tu, amejifunza pia kwamba neno la mwalimu huisha nguvu. Chati ya mikondo iliyobandikwa ukutani, karatasi ya manila yenye safu tatu, imefutwa kwa kalamu nyeupe na kuandikwa juu yake hadi mtoto wa dawati la nyuma haoni kilichobaki. Walimu wenye umri watakukumbusha pia 8-4-4 ya mwaka 1985: wazazi walichanga wakajenga karakana za useremala, na baada ya miaka masomo yale ya mikono yakapunguzwa. Aliyeona hayo hakimbilii tangazo.

Lakini kukalia habari kuna gharama yake, na wanaoilipa ni wale wale. Mwaka 2025 mwanafunzi wa Gredi ya 9 alitakiwa kuchagua mkondo na shule 12. Si kila shule inafundisha mikondo yote mitatu, na nafasi haikutegemea mtihani wa mwisho pekee: ulibeba asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20 nyingine. Mzazi wa mtaa wa kitajiri wa Milimani, Kisumu, ana binamu afisini na intaneti nyumbani. Mama anayepanga omena sokoni Kibuye anategemea yale mtoto atakayoyaleta kutoka shuleni. Mwalimu mkuu akiamua kwamba wazazi wake watachanganyikiwa, huyo mama ndiye atakayejua siku ya mwisho, na mtoto atajaziwa shule zozote zilizo karibu.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na upande wowote kikamilifu, ingawa naegemea wa pili. Kinachoamua ni aina ya habari. Tarehe, fomu, ada na masharti ya kuchagua shule yapite siku hiyo hiyo, hata yakiwa na kasoro. Kauli za jukwaani na mapendekezo ambayo hayajawa waraka rasmi yasifike darasani kama amri. Na mwalimu akiulizwa kuhusu hayo, aseme wazi: "Hili bado linajadiliwa, sisi tunaendelea na hesabu." Watoto wa miaka 14 wanastahimili mambo yasiyokamilika kuliko tunavyodhani. Kinachowavunja moyo ni kuahidiwa kwa sauti kubwa na kunyamaziwa baadaye.

Kuna upande ambao mjadala huu huusahau, ule wa kuwaongoza wakubwa kwa kuwapa habari kutoka chini. Tunazungumza kana kwamba mabadiliko hushuka tu kama maji ya mto Nyando. Afisa wa elimu anayezuru shule huonyeshwa darasa lililopakwa rangi, haonyeshwi mwalimu wa sayansi anayefundisha umeme kwa picha ya ubaoni. Tena mwalimu huyo wa sekondari msingi pengine ana digrii na anaripoti kwa mkuu aliyeanza kazi na cheti cha ualimu wa shule za msingi, P1, nao hawaelewani juu ya nani mwenye madarasa hayo. Mgomo wa walimu wanagenzi wa sekondari msingi wa Mei 2024 uliwaonyesha wakubwa, kwa njia mbaya, mambo ambayo ripoti za muhula zingeweza kuwaambia mapema.

Wapo watakaosema mkuu anayeandika "hatuna maabara, somo hili halifundishwi ipasavyo" anajitafutia uhamisho. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana taarifa kama hiyo ingefaa itoke kwa bodi ya shule, ambako wazazi wana viti, ikiwa na muhtasari wa kikao na sahihi ya mwenyekiti. Mwalimu mmoja ni rahisi kumhamisha. Kuihamisha bodi nzima ya wazazi wa Ahero ni kazi nyingine.