Seva Imegoma, Sababu Tafuta Mwenyewe

Ni nani aliyeamua kwamba seva ya kanzidata, yaani programu inayotunza data, ikigoma itoe maneno mawili tu, "imeshindwa kuanza", kisha inyamaze? Umeme unakatika Mwanjelwa mvua ikinyesha, unarudi, na kila kifaa ofisini kinawaka, hata feni ambayo hakuna anayeihitaji katika baridi ya Mbeya, isipokuwa MySQL, seva yetu ya kanzidata, yenye hesabu zote za wateja waliopanga foleni. Je, diski imejaa? Je, kuna programu nyingine iliyokalia poti namba 3306, mlango ambao MySQL hupokelea maombi? Au umiliki wa folda ya data umebadilika? Majibu yamo kwenye faili la kumbukumbu za makosa, ambalo kila mfumo umelificha mahali pake kama hirizi. PostgreSQL nayo, seva nyingine ya kanzidata, ikizimika ghafla, huacha nyuma faili la postmaster.pid, alama ya kwamba iko kazini, na wakati mwingine hukataa kuanza kwa kudhani kwamba ingali hai! Nawe fundi mwenzangu wa Iringa au Njombe, unayeulizwa "bado tu?" kwa mara ya elfu moja, unaujua ushauri wa kila apitaye: "Zima, halafu uwashe tena." Nizime nini, ikiwa tatizo lenyewe ni kwamba haiwaki?