Dola 19 za Pittsburgh

Januari 7, 2026, kampuni ya Block Communications ilitangaza kwamba gazeti lake la Pittsburgh Post-Gazette, ambalo mizizi yake inafika mwaka 1786, litatoa toleo la mwisho Mei 3. Siku hiyohiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekataa kuisimamisha amri ya kuwarudishia waandishi wa gazeti hilo masharti yao ya zamani ya kazi. Ukiyaweka matukio hayo mawili bega kwa bega, jibu linajileta lenyewe: waandishi walidai, wakashinda mahakamani, gazeti likafa. Tangu hapo nimeisikia kauli hiyo kwa watu watatu, wawili kati yao wahariri wenye miaka mingi kazini. Wanasema chama cha wafanyakazi kimejipalia makaa.

Mimi sioni hivyo. Lakini mwenye mali naye ana hoja, na si hoja ya kupuuzwa.

Familia ya Block imekuwa na gazeti hili tangu 1927. Kwa maelezo yake, katika miaka 20 iliyopita limeitia hasara ya zaidi ya dola milioni 350. Anayedhani namba hiyo imetiwa chumvi aangalie hali ya tasnia nzima: walioajiriwa kwenye vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani walikuwa kama 71,000 mwaka 2008, na kufikia 2020 walibaki kama 31,000. Matangazo yamehamia kwenye simu. Gazeti lililokuwa likichapwa kila siku lilianza kupunguza siku mwaka 2018, na mwishowe likawa linachapwa Alhamisi na Jumapili tu. Kampuni inauliza: mkataba uliosainiwa 2014, enzi ambazo mtambo ulikuwa unanguruma kila usiku, utaendeshaje gazeti ambalo sasa linasomwa zaidi kwenye skrini? Ni swali la haki. Tena familia hii haikuliuza gazeti kwa wale wawekezaji wanaonunua magazeti kama mtu anavyonunua ng'ombe mzee, wamkamue siku mbili tatu kisha wampeleke machinjioni. Walilishika. Hilo tuwape.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kisa hiki hakikuanza na mahakama.

Mkataba wa hali bora kati ya kampuni na Newspaper Guild of Pittsburgh, chama cha waandishi kilichokuwepo tangu 1934, uliisha muda wake Machi 2017. Mazungumzo ya mkataba mpya yalikuwa hayajazaa kitu pale Oktoba 27, 2018, mtu mwenye bunduki alipoingia katika sinagogi la Tree of Life na kuua waumini 11. Waandishi haohao wasiokuwa na mkataba ndio waliozunguka mitaa ya Squirrel Hill, eneo la sinagogi hilo, wakigonga milango ya majirani zao. Siku chache baadaye gazeti lilitoka likiwa na maneno ya kwanza ya Kaddish, sala ya Wayahudi ya kuomboleza wafu, kwa herufi za Kiebrania juu ya ukurasa wa mbele. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikapewa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Kwa maelezo ya chama, nyongeza ya mwisho ya mshahara kwa wafanyakazi wote ilikuwa imetolewa 2006.

Julai 2020 kampuni ikasema mazungumzo yamefika ukutani, na ikayatangaza masharti yake kuwa ndiyo masharti. Mpango wa bima ya afya ukabadilishwa. Ulinzi kadhaa uliokuwa kwenye mkataba ukaondolewa. Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kufanya hivyo, ila kwa sharti: ukuta uwe wa kweli, yaani pande zote mbili ziwe zimejadiliana kwa nia njema hadi zikaishiwa cha kusema. Kama mmoja ndiye aliyeujenga ukuta huo kwa makusudi, ruhusa hiyo hana.

Nani aliujenga? Januari 2023 jaji wa Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, chombo cha serikali ya Marekani kinachoamua migogoro ya aina hii, alijibu kwamba ni kampuni. Kilichonishika katika uamuzi wake ni jambo moja: mapendekezo ya kampuni yangewaacha waandishi na haki chache kuliko kama wasingekuwa na mkataba wowote. Mtu anakuita mezani, anakupa karatasi ya kusaini, na ukiisaini unatoka hapo maskini kuliko ulivyoingia. Kampuni ilitaka iamue yenyewe nani aondoke na nani abaki, na mtu afanye kazi saa ngapi kwa wiki. Bodi yenyewe ikakubaliana na jaji Septemba 2024. Novemba 10, 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Philadelphia ikaunga mkono. Ngazi tatu, jibu moja.

Hapo katikati ndipo zinapokuja dola 19.

Walioanza mgomo Oktoba 6, 2022 hawakuwa waandishi. Walikuwa watu wa mitambo, wa usambazaji na wa matangazo. Bima yao ya afya ilikuwa imepanda bei na kampuni ilikataa kulipa tofauti, ambayo kwa maelezo ya vyama vyao ilikuwa dola 19 kwa wiki kwa kila mfanyakazi. Waandishi wakawafuata siku 12 baadaye, wakiwa na madai yao ya tangu 2017.

Nimekaa na namba hii siku kadhaa. Dola 19 kwa wiki ni dola 988 kwa mwaka. Tuseme wafanyakazi ni 100, nachukua idadi hiyo kwa urahisi wa hesabu tu: hapo ni dola 98,800 kwa mwaka. Sasa chukua hasara inayotajwa na kampuni, milioni 350, igawe kwa miaka 20. Unapata milioni 17.5 kwa mwaka, karibu dola 48,000 kila siku inayokucha. Kwa kipimo cha kampuni yenyewe, basi, bima ya watu 100 kwa mwaka mzima ni hasara ya siku mbili na saa chache. Jumatatu na Jumanne.

Hesabu hiyo inaweza kupinduliwa, najua. Anayezama hamwongezei mtu mzigo hata uwe wa kilo moja. Na leo ni dola 19, mwakani bima ikipanda tena itakuwa 30. Sawa. Ila anayesema hivyo aache pia kusema kwamba bima ya wafanyakazi ndiyo iliyolizamisha gazeti, maana hasara ya miaka 20 ilikuwepo kabla ya mgomo, ikawepo wakati wa mgomo, na ingekuwepo hata waandishi wote wangefanya kazi kwa sala na maji. Kilichokuwa kikigombewa hapo si fedha za kuliokoa gazeti. Ni nani mwenye neno la mwisho.

Pengine naipa uzito bima kwa sababu yangu binafsi. Miaka ya nyuma niliandikia gazeti moja nikiwa mkoani, sina mkataba, nalipwa kwa habari iliyotoka. Kila mwisho wa mwezi nilikata habari zangu kwa mkasi, nikazibandika kwenye karatasi kwa gundi, nikazipeleka na basi makao makuu, ambako mhasibu alizipima kwa rula ya plastiki kuona zimekula nafasi kiasi gani. Iliyopunguzwa na mhariri ilipunguza na ugali. Siku moja natoka kwenye kikao cha madiwani, bodaboda tuliyopanda ikateleza kwenye kokoto, nikavunjika mkono wa kulia, mkono wa kuandikia. Nikapiga simu ofisini. Yule dada wa utawala alinipa pole nyingi, za kweli kabisa, kisha akasema: "Lakini kaka, wewe kwenye orodha yetu haupo." Plasta nililipiwa na shemeji yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dola 19 ni kitu kidogo cha kugomea, namuuliza kama yeye yumo kwenye orodha.

Hata hivyo chama nacho kina la kujibu. Kura ya waandishi kuingia kwenye mgomo ilikuwa 38 kwa 36. Mtu mmoja tu kati ya wale 38 angebadili mawazo akiwa njiani, kura zingefungana, 37 kwa 37. Kutoa watu kazini kwa tofauti hiyo ni kuingia mtoni na nusu ya mtumbwi. Na nusu ya pili ilionekana mapema: waandishi kadhaa walibaki kazini, wengine wakarudi kadiri miezi ilivyokwenda, na mwishoni waliokuwa bado nje walikuwa 20 na kitu. Madereva wa usambazaji walichoka, wakachukua kiinua mgongo mwaka 2024, wakaenda zao. Kiongozi wa chama anayesoma kura kama ile ana wajibu wa kujiuliza kama anaongoza mgomo au anaongoza mfarakano.

Kuna kosa jingine la hesabu, na hili si la Pittsburgh peke yake. Mei 1992 madereva wa magari ya magazeti waligoma katika mji huohuo. Wakati ule magazeti mawili, Pittsburgh Press na Post-Gazette, yalikuwa yakichapwa na kusambazwa kwa pamoja, na dereva akikataa kuwasha gari mji mzima unaamka bila gazeti. Ulikaa bila gazeti karibu miezi minane. Mwisho wake, Press ikauzwa kwa familia hii hii ya Block, ikafungwa, na Post-Gazette ikarudi mitaani peke yake Januari 1993. Wanaosema migomo huua magazeti wanaukumbuka mwaka huo, na hawajautunga.

Ila mgomo wa 2022 haukuwa na gari la kusimamisha. Tovuti haihitaji dereva. Wahariri na waliobaki waliendelea kupandisha habari kila siku, na msomaji wa kawaida asingejua kama kuna kiti kitupu. Waliogoma wakaanzisha gazeti lao la mtandaoni, Pittsburgh Union Progress, wakaripoti mahakama, viwanda na mikutano ya shule kama kawaida yao, huku wakiishi kwa posho ya mgomo. Ni jambo la kupendeza na la kusikitisha kwa wakati mmoja: silaha pekee ya mwandishi ni kuacha kuandika, na hawa hawakuweza kuacha.

Nguvu ya mgomo ilipokwisha, kilichobaki ni sheria, nayo ina tundu ambalo wanaokilaumu chama hawalitaji. Sheria ya Marekani ya mahusiano kazini, ya mwaka 1935, haina faini kwa mwajiri anayejadiliana kwa hila. Adhabu yake ni kurudisha mambo yalivyokuwa na kufidia walichopoteza watu. Maana yake, aliyekosea 2020 na kuamriwa kurekebisha mwishoni mwa 2025 amelipia kile tu alichopaswa kulipa tangu mwanzo, na katikati amepata miaka mitano ya kuona nani atachoka kwanza. Kwa mfanyakazi miaka mitano ni watoto kumaliza shule, ni nyumba kuchukuliwa na benki. Kampuni inalalamika kwamba imerudishwa kwenye mkataba wa 2014. Ni kweli, na ni kwa sababu haikujadili kwa nia njema mkataba mpya pale wa zamani ulipoisha 2017. Ingefanya hivyo, leo yangekuwa mengine. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kukubali pendekezo lolote. Inamtaka akae mezani akiwa na nia ya kuelewana.

Wajibu huo upo hata kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inautaka upande wa mwajiri na wa chama kujadiliana kwa nia njema, na inakipa haki ya majadiliano chama chenye wanachama wengi kati ya wafanyakazi wa sehemu husika. Kenya nayo, kwa sheria yake ya 2007, inataka mwajiri akitambue chama kilichofikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Ugumu unaanza kwenye neno "wafanyakazi". Chumba cha habari kinachoendeshwa na waandishi wa kulipwa kwa habari hakina wa kuhesabu, kwa hiyo hakina wengi. Huko hakuna mgomo wa miaka mitatu, na hakuna mwajiri anayeburutwa hadi mahakama ya rufaa. Wahariri wangu wawili wanaita hali hiyo utulivu.

Kama gazeti lingefungwa hata bila mgomo? Nadhani lingeweza. Mwenye hasara ya milioni 17 kwa mwaka hahitaji chama kumshawishi afunge. Katika siku za mwisho za 2025 kampuni hiyohiyo ilifunga pia Pittsburgh City Paper, gazeti lake jingine la mji huo, na sijamsikia mtu akisema kwamba nalo liliuawa na mgomo wa Post-Gazette. Tofauti ni kwamba kwa Post-Gazette palikuwa na mtu wa kumtupia lawama.

Waandishi walirudi kazini mwishoni mwa Novemba 2025, baada ya miaka mitatu na wiki kadhaa nje. Waliketi tena kwenye chumba kimoja na wenzao waliobaki, baadhi yao wale walioipigia kura ya hapana mwaka 2022. Walikuwa wamekaa pamoja wiki sita tu tangazo la Januari 7 lilipokuja, na tangazo hilo halikuwatenga: wa 38 na wa 36, wote Mei 3.