Buti Zangu Zilivyokataa Kufika Morningside

Siku lifti ya ofisini kwetu ilipoharibika, nilipanda ngazi hadi ghorofa ya 6 na kufika mezani kwangu nikiwa siwezi hata kuitikia salamu. Mhasibu mwenzangu, binti mdogo aliyeajiriwa juzi tu, aliniletea maji, akanisogezea kiti, kisha akaniuliza kwa upole kama ampigie simu mke wangu. Jioni ile, nikisukumwa na hasira kuliko busara, niliweka nadhiri mbele ya kundi la WhatsApp la ukoo mzima kwamba kwa muda wa miezi 12 nitatembea njia mpya 12, moja kila mwezi, kwa miguu yangu mwenyewe na bila msaada wa chombo chochote. Lau ningeiweka nadhiri hiyo moyoni kimyakimya, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Njia ya kwanza ilikuwa katika msitu wa Pugu, nikarudi salama pamoja na kupe wawili. Ya pili ilikuwa kutoka Bagamoyo mjini hadi kwenye magofu ya Kaole, mwendo wa tambarare tupu, na picha zilipofika kwenye kundi, shemeji yangu aliandika kwamba huko si kupanda mlima, huko ni kufuata samaki. Maneno hayo yaliniingia. Nikatangaza kwamba njia ya tatu itakuwa Morningside, ile nyumba ya kale iliyojengwa na Wajerumani kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,300. Mji wa Morogoro uko kwenye mita kama 500 hivi, na tofauti ya mita 800, kwa mtu aliyezoea vitabu vya hesabu, ilionekana ni jambo la kutoa na kupata jibu.

Mtu anayepanda mlima anahitaji viatu vya mlima, nami nilivipata katika soko moja la mitumba hapa Dar es Salaam. Zilikuwa buti za ngozi ya kahawia, zenye kamba nyekundu na soli nene kama mkate wa boflo, na hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Muuzaji alinihakikishia kwamba mwenyewe huko Ulaya alizivaa mara moja tu, akazihifadhi. Alitaka shilingi 90,000, tukashindana kwa nusu saa, nikalipa 65,000 na kuondoka nikijiona mjanja. Neno lile “akazihifadhi” ndilo lililostahili kunishtua, lakini siku ile nililihesabu kuwa ni sifa.

Nilipanda treni ya umeme alfajiri, na kabla sijamaliza chai yangu nilikuwa nimefika Morogoro. Bodaboda alinifikisha chini ya mlima, nikamwambia inatosha.

“Nakufikisha hadi juu, mzee. Pikipiki inapanda.”

“Ahsante, nimekuja kutembea.”

Aliniangalia mimi, akaangalia buti, akaangalia mlima, kisha akavua kofia yake ngumu kwa heshima na kusema, “Pole sana. Nani amefariki?”

Nilianza kupanda mnamo saa mbili asubuhi. Njia ile ina raha yake: mto Morogoro unasikika upande mmoja, migomba imesimama upande mwingine, na kila unapogeuka mji unazidi kuwa mdogo. Akina mama walikuwa wakiteremka na matenga ya mboga na ndizi vichwani kuelekea sokoni. Mmoja wao, bibi mwembamba aliyebeba tenga la karoti na kabichi lililonizidi mimi kwa upana, alipokea shikamoo yangu bila kupunguza mwendo, akaniambia nijitahidi nifike mapema kabla jua halijawa kali.

Baada ya kama dakika 40 nilihisi mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto. Nilidhani ni uchovu. Nikaendelea. Mara nikasikia nyuma yangu sauti ya mtoto ikisema, “Mjomba, umeangusha kitu.”

Walikuwa watoto wanne, na mkubwa wao, mvulana wa kama miaka kumi, alikuwa ameshika kipande cheusi kilichofanana na ubamba wa ukoko wa wali ulioungua. Kilikuwa kisigino changu. Ninapaswa kueleza hapa kwamba miongoni mwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito mwenye kauli katika nyumba, kwa hiyo kuitwa mjomba na mtoto aliyeshika kisigino chako ni fedheha ya aina yake. Ili nilinde cheo hicho, nikatoa sarafu ya shilingi 200 nikampa, nikamshukuru, nikakitupa kile kipande pembeni.

Hilo ndilo kosa lililonigharimu kuliko buti zenyewe. Hatua chache mbele niliitwa tena: mjomba, umeangusha kingine. Nikalipa. Kisha kingine. Sarafu zangu tatu zilipokwisha, yule mkubwa alinituliza kwamba hakuna wasiwasi, wao wataandika deni kichwani, na tutahesabiana juu. Mimi ni mhasibu wa miaka 17, na nilichukua muda mrefu kuliko inavyopasa kutambua kwamba vipande vilikuwa vinaongezeka idadi huku vikipungua ukubwa. Nilipogeuka ghafla, nilimkuta mdogo kuliko wote amechuchumaa juu ya jiwe, akikivunjavunja kipande kimoja kikubwa kwa utulivu wa mtu anayemenya karanga.

Nilikaa kwenye mwamba nikavua buti. Soli ya kati ilikuwa imegeuka unga. Ukiibonyeza kwa kidole iliingia ndani kama keki ya jana, na pale ilipokuwa imeshikana na ngozi palibaki vumbi jeusi tu. Baadaye fundi viatu mmoja wa mtaani kwetu alinieleza, baada ya kucheka hadi akaweka nyundo chini, kwamba povu linalotumika katika soli za namna ile huliwa na unyevu wa hewa polepole hata kama kiatu kiko kwenye boksi, na kwamba kiatu cha aina hiyo kikikaa miaka mingi bila kuvaliwa, siku kikivaliwa ndiyo siku ya mazishi yake. Kumbe yule bodaboda aliona mbali.

Nilijaribu kuzifunga soli kwa kamba ya mkonge niliyopewa na watoto, ambayo nayo iliingizwa kwenye deni. Nilikuwa bado napambana na fundo la tatu pale yule bibi wa kabichi alipotokea kutoka chini. Alikuwa ameshafika mjini, ameuza mzigo wote, amenunua chumvi, sabuni na mafuta ya kula, na sasa alikuwa anarudi kwake.

“Baba,” alisema, “bado upo?”

Hakusubiri jibu. Aliingia kwenye nyumba iliyokuwa hatua chache juu ya njia, akatoka na katambuga za matairi ya gari zilizokuwa za mumewe, akaziweka mbele yangu na kutaja bei: shilingi 15,000. Nilimkumbusha kwamba mjini hazifiki hata nusu ya hiyo. Alikubaliana nami kabisa, akanionyesha mji kwa kidole kule chini, na kunitakia safari njema ya kwenda kuzinunua. Nikalipa. Zilikuwa ndogo, visigino vyangu vikaning'inia nje kama abiria wa mlangoni kwenye daladala, lakini zilishika ardhi kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa.

Nilitaka kuyaacha mabaki ya buti pale pale, na hapo ndipo bibi alipokasirika kwa mara ya kwanza. Alinieleza kwamba mito ya milima hii inakwenda kuingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. “Unataka ukanywe viatu vyako?” aliniuliza. Watoto wakaleta mfuko, wakarudi njia nzima wakiokota, hata kile kipande cha kwanza, na kuniletea vyote.

Morningside nilifika saa saba mchana. Nyumba ya Wajerumani imezeeka vibaya, lakini mandhari yake haijazeeka: mji wote uko miguuni pako, na ng'ambo kule maji ya bwawa la Mindu yanametameta. Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi, nikasubiri pongezi. Shemeji yangu alijibu kwa maneno matatu: “Buti ziko wapi?” Tukakaa chini, mimi na wadai wangu, tukafunga hesabu. Vipande 31, kwa shilingi 200 kila kimoja, ni shilingi 6,200, ukitoa zile 600 nilizokwisha kulipa. Mvulana mkubwa alikumbuka kuzitoa kabla yangu.

Jioni, kituoni, begi langu lilipopita kwenye mashine ya ukaguzi, mkaguzi aliniomba nilifungue. Alitoa mfuko, akachungulia, akachukua kipande kimoja, akakinusa.

“Mzee, hii ni dawa ya nini?”

“Ni kiatu.”

“Sawa. Kiatu kinatibu nini?”

Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinyoosha shingo na kuuliza kama dawa hiyo inauzwa. Nikamjibu, bila hata kugeuka, kwamba kila kipande ni shilingi 200.