Herr Problem

Dada yangu ameolewa Köln, Ujerumani, kwa ukoo wa Schmitz. Maelekezo aliyonipa yalikuwa mafupi: majengo ya kule milango haina namba, unasoma majina kwenye kengele, ukiona Schmitz unabonyeza. Hakuniambia kwamba kumtafuta Schmitz mjini Köln ni sawa na kumuulizia Juma pale Tandika.

Kengele nane, Schmitz watatu. Simu imezima chaji, baridi inaingia hadi kwenye fizi, na dagaa walioko begini wameshaanza kujitambulisha wenyewe.

Nikabonyeza wa kwanza. Akashuka mzee mmoja na ndara zake, mchangamfu, inaonekana alikuwa hajapata wa kuongea naye tangu asubuhi. Kijerumani changu cha kuungaunga, lakini nilimwelewa, maana alinifundisha kengele moja baada ya nyingine. Schmitz ni mwana wa mhunzi. Müller msagaji, kila kijiji kilikuwa na kinu chake, ndiyo maana Ujerumani hakuna ukoo uliojaa kama huo. Becker mwokaji wa mikate. Schröder fundi cherehani, ila wa kaskazini.

"Miji ilifurika watu kuanzia karne ya 12," akasema. "Ukiita Heinrich, wanageuka kumi! Ikabidi mtu aitwe kwa kazi yake, au kwao."

Akanipa na mfano: Konrad Adenauer, aliyekuwa meya wa hapo hapo Köln tangu 1917, akaja kuwa kansela mwaka 1949. Jina la ukoo wake limetoka kwenye mji mdogo wa Adenau.

Mimi vidole sivisikii tena.

"Kwenu wapi?"

"Korogwe."

"Basi wewe ni Herr Korogwer!" Yaani Bwana wa Korogwe. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akataka na jina langu la kuzaliwa. Nikamwambia naitwa Shida, nilizaliwa mwaka wa njaa. Kwa Kijerumani labda mngesema Problem. Hilo alilipenda zaidi. Akabonyeza kengele ya Schmitz wa pili, ikajibu sauti ya mtu aliyetoka usingizini.

"Bwana Schmitz, huku chini yupo Herr Problem, anataka kupanda kwako."

"Mwambie ninazo za kutosha." Ikakata.

Schmitz wa tatu hakuwepo. Mzee akanikaribisha kwake chai. Jioni dada alitoka kazini, akafuata harufu ya dagaa ngazini, akanikuta tumeshafika kwenye koo za wavuvi. Akanipandisha juu nikamwone mumewe, aliyekuwa amelala mchana kutwa baada ya zamu ya usiku.

Nikamsalimia shemeji kwa adabu zote. Akaitikia kwa sauti ile ile.