Mchepuo wa Moshi ujengwe, lakini Msitu wa Rau uachwe

Malori ya kwenda Himo, Holili na Dar es Salaam yanapita Moshi mjini yakibanana na daladala na bodaboda, na sijaona mtu anayependa hali hiyo iendelee. Arusha walishapata mchepuo wao, yaani barabara ya kuzunguka mji, wa kilomita 42.4, na zamu ya Moshi lazima itafika. Sipingi barabara. Ninachogombania ni mahali itakapopita.

Kaskazini ni shida: vihamba (mashamba ya urithi yenye makazi), makaburi ya koo, na mabonde ya mito yanayofuatana. Kwa hiyo mhandisi atageukia kusini kwenye tambarare, na huko atakutana na Msitu wa Hifadhi wa Rau. Kwenye ramani msitu huo unavutia sana. Hauna nyumba ya kubomoa wala mtu wa kulipwa. Shamba lina mwenyewe wa kupiga kelele. Msitu una TFS, wakala wa misitu wa serikali, na mbega.

Sasa tupige hesabu. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, hivyo kila kilomita moja inakula hekta sita. Msitu wote haufiki hekta 600. Barabara ikikatiza kilomita tatu, zinaondoka hekta 18, na mtaalamu atasimama kikaoni aseme ni kama asilimia tatu tu. Hatakuwa amedanganya, ila atakuwa amepima kitu kisichohusika.

Rau ni msitu wa maji ya ardhini. Miti yake, ukiwemo msoo ambao makazi yake duniani ni machache, inaishi kwa maji yanayoshuka chini kwa chini na kuibuka kwenye tambarare. Ukijenga tuta pale, kwanza unachimba udongo laini na kuutupa, kisha unamwaga kifusi na kukishindilia. Maji yaliyokuwa yakijitandaza sehemu pana sasa yanasukumwa kwenye makalavati machache. Masika yakija na matawi na tope, kalavati la bomba linaziba: upande wa juu panakuwa bwawa na mizizi inaoza, upande wa chini panakauka. Upande wa chini kuna skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987, ambayo inategemea mito ya Rau na Njoro. Mkulima wa Mabogini anayeshukuru kwamba mstari wa barabara umekwepa jaruba lake la mpunga kwa kupitia msituni afikirie pia maji ya kulilowesha hilo jaruba.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi tunavyopinga. Tunasubiri mpaka alama za X zipakwe ukutani. Zikishapakwa, mjadala uliobaki ni wa fidia, njia ilishaamuliwa. Wakati wa kusema ni upembuzi yakinifu, na hasa pale mshauri wa mazingira anapokuja kuandaa hadidu za rejea za tathmini ya athari. Siku hiyo atapitisha karatasi ya mahudhurio. Karatasi hiyo huambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, na kwa msomaji wa haraka, sahihi hamsini ni watu hamsini waliokubali. Wekeni sahihi, lakini hakikisheni pingamizi limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, umesomwa kwa sauti na kugongwa muhuri kabla mgeni hajapanda gari.

Ombeni pia viwianishi vya mstari, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa utakapopita, wala msiridhike na mchoro wa rangi ukutani. Na hapa wengi wanaumbuka: ramani za upimaji za Tanzania zimezoea mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, kanda ya 37 Kusini, wakati simu inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba hizo kwenye simu bila kuzigeuza, mstari unahama karibu mita 300. Kwa msitu mdogo kama huu, hizo zinatosha kuonyesha barabara iko nje wakati iko ndani, au kinyume chake, na mkikosea mtachekwa kikao kizima. Mtafuteni mpima ardhi mmoja awasaidie. Ni kazi ya dakika chache.

Sheria zipo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinataka tathmini ya mazingira kwa barabara ndani ya msitu wa hifadhi, na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60 kutoka kwenye mto. Ila kutaja vifungu peke yake hakutoshi. Daini vipimo vya kina cha maji ya ardhini vya masika na vya kiangazi, siyo vya wiki moja ya Septemba. Daini njia mbadala zilizochorwa na kupigiwa gharama, na mashimo ya kifusi yatajwe yatachimbwa wapi.

Njia ya kusini zaidi itakula majaruba, najua, na wenyewe hawatafurahi. Bado naichagua. Jaruba lina bei: mthamini atalipima, kuna posho ya usumbufu juu yake, na fidia ikipita miezi sita bila kulipwa inadaiwa na riba. Kwa msoo hakuna mthamini.

Barua ya pingamizi iende NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa), TANROADS (wakala wa barabara) mkoa, TFS na halmashauri, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Moja ibaki nyumbani kwa mtu, maana mafaili ya ofisini yana tabia ya kupotea yanapohitajika.