Udongo wa mfinyanzi wa kale wa Lindi: unasimulia mvua au mmomonyoko?

Kati ya Kilwa na Lindi kuna mashapo ya kale yaliyotua chini ya bahari, sehemu kubwa yakiwa udongo wa mfinyanzi. Ndani yake imo kumbukumbu ya joto kali lililoikumba dunia ghafla takribani miaka milioni 56 iliyopita. Je, madini ya mfinyanzi huo yanaweza kutuambia mvua ya pwani hii ilikuwaje enzi hizo?

Wanaokubali wana hoja nzito. Madini hayo ni ya aina kadhaa. Kaoliniti huumbika penye joto na mvua nyingi, maji yanapopenya ardhini na kuondoa karibu kila kinachoyeyuka. Smektiti hustawi penye masika na kiangazi vinavyopokezana, hasa mabondeni maji yanapotuama. Mkulima wa Lindi anaifahamu kwa matendo yake: ndiyo inayouvimbisha udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua na kuupasua jua likiwaka. Iliti na kloriti huashiria mwamba uliosagika bila kuoza sana, kama kwenye baridi au ukame. Maabara huyatofautisha kwa eksirei, kwa kupima umbali kati ya tabaka zake: kaoliniti nanomita 0.7, iliti 1.0, na smektiti hutanuka hadi 1.7 ikitiwa kimiminika kiitwacho glaikoli.

Wapinzani husema joto la kina kirefu hugeuza smektiti kuwa iliti, hivyo ushahidi huharibika. Kwingine ni kweli. Hapa hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu mashapo haya hayakuwahi kuzikwa kwa kina kikubwa.

Pingamizi lenye uzito ni la mto. Udongo mnene wa kaoliniti huchukua muda mrefu mno kuumbika, ilhali joto lile lilipanda ndani ya maelfu machache ya miaka. Kaoliniti ikiongezeka ghafla kwenye tabaka la wakati huo, yaelekea ni udongo mkongwe zaidi uliobomolewa na mafuriko na kusukumwa baharini. Tena kaoliniti hugandamana na kutua mapema karibu na mlango wa mto, smektiti ikasafiri mbali zaidi. Bahari ikipungua tu na mlango wa mto ukasogea karibu, kiwango cha kaoliniti chaweza kupanda bila mvua kubadilika hata kidogo.

Kwa hiyo naona mfinyanzi huu unaeleza vizuri mmomonyoko na safari ya tope. Kuhusu wingi wa mvua, peke yake hautoshi. Usomwe pamoja na nta za majani ya kale na magamba ya foraminifera, viumbe vidogo sana vya baharini. Magamba hayo yamebaki maangavu kama kioo kwa sababu mfinyanzi haukupitisha maji. Mwaka 2001 mtafiti Paul Pearson na wenzake, wakitumia pia magamba ya Tanzania, walionyesha kuwa bahari za tropiki zilikuwa na joto kuliko ilivyodhaniwa. Mchango huo wa mfinyanzi, wa kulinda, nauthamini kuliko asilimia za madini yake.

Ningependa tope la leo lipimwe kwanza, kuanzia mlango wa Lukuledi hadi kina kirefu, na vilevile Ruvuma kule Mtwara, tujue kila madini hutua wapi kabla ya kusoma yale ya kale.